Picha za Mji kwa Mama Mkwe

Siku ile naikumbuka hadi rangi ya tai niliyovaa, mwanangu. Nilikuwa karani kijana wa mizigo kwenye gari la moshi hapa Kamina, miaka ile ya Wabelgiji, na nilimpenda Numbi, binti wa wavuvi wa Kinkondja. Baba yake alikwisha kubali. Mama yake ndiye aliyekataa, na kwao mama akikataa mambo yamekwama. Alisema Kamina hajaiona, hamjui mtu huko, na hatamtupa mtoto wake mahali asipopajua.

Nikajisemea, kama shida ni kuiona Kamina, nitamletea yote mkononi.

Rafiki yangu Kasongo alikuwa mpiga picha. Jumapili baada ya ibada tukaenda mjini, upande wa wazungu. Tukapiga stesheni, posta, kanisa kubwa la matofali, maduka ya Wagiriki, hoteli yenye baraza. Na kila mahali mimi nilisimama mbele, suti imenyooshwa, kifua nje, macho kwenye kamera. Kasongo aliniomba nisogee kidogo, mlango wa posta uonekane. Nikamwambia apige tu. Watu waliokuwa wakipita niliwafukuza kwa mkono, wasiniharibie picha. Nilipendeza, sitakudanganya.

Nikapanda gari la moshi mpaka Bukama, kisha boti mpaka Kinkondja, picha zangu zimefungwa ndani ya kitambaa.

Sasa wewe unajua sisi Baluba na heshima ya wakwe. Mwanamume na mama mkwe wake hawatazamani usoni. Mkikutana njiani, mmoja anaingia majanini mpaka mwingine apite. Kwa hiyo mama yake Numbi alikaa ndani, nyuma ya ukuta wa matete, nami nikakaa nje na baba yake, kwenye moshi wa samaki. Aliyepita kati yetu ni nkambo wa Numbi, bibi kizee mwenye ulimi, ambaye kwa desturi yetu aliruhusiwa kuniita bwana wake na kunitania apendavyo.

Akaingia na picha. Hakukaa. Akatoka nazo zote.

"Bwana yangu," akasema, "unafanya nini? Bukwe yako, mama ya Numbi, amegeuza kichwa. Hawezi kuangaria sura yako, njo desturi. Na kila picha iko sura yako, inamuangaria na macho yote mbili. Muji iko wapi?"

Masikio yaliniwaka. Desturi hiyo nilikua nayo. Njiani niliishika vizuri, lakini haikunipitia kichwani kwamba uso wa kwenye karatasi nao ni uso.

Bibi akaketi karibu yangu, akanyooshea kidole picha ya hoteli. "Humu unalalaka?"

"Hapana, nkambo. Sisi haturuhusiwi kuingia humo."

"Na hapa posta, unajua mutu?"

Nikatikisa kichwa.

"Mama ya Numbi hakuuliza manyumba," akasema. "Anauliza, siku mutoto atagonjwa, nani atamufungulia mulango? Weye ulisimama mbele ya muji, ukaifunga na mwili yako. Rudia. Toka mu picha."

Baba mkwe alicheka mpaka akakohoa. Mimi sikucheka. Na aliponisindikiza kwenye boti aliniambia, kwa upole, kwamba kijana mwingine wa pale pale Kinkondja amekwisha kuwaona wazee, akimtaka Numbi. Mwanangu, nilirudi Kamina nikijua sina siku nyingi.

Nikaazima kamera ya Kasongo, akanifundisha kuishika. Nikaanza tena stesheni, ila safari hii niliwatafuta wale wale niliowafukuza. Langoni palikuwa na mama aliyeuza karanga. Nikamsalimu, nikamweleza shida yangu yote. Akacheka, akajifuta mikono, akawaita na wenzake wasimame naye. Mshonaji wa barazani kwa Mgiriki alitaka apigwe pamoja na cherehani yake. Mbele ya kanisa mke wa mwalimu aliwapanga watoto wake, akaniambia, "Sema kwa ule mama, siku mutoto yake atashuka gari, minyi njo nitamupokea." Miaka yote niliyokaa Kamina nilikuwa nikizijua kuta. Siku ile nikapata watu.

Nikarudi Kinkondja. Nkambo akaingia na picha, na safari hii hazikutoka. Nikasikia mama akiuliza, "Huyu nani?" Nkambo ananiuliza mimi, mimi namjibu nkambo, nkambo anamjibu mama, ingawa matete hayazuii sauti na sote tulikuwa tunasikiana. Tukaenda hivyo picha kwa picha. Kwenye ile ya mke wa mwalimu nikamtaja jina, na maneno yake nikayasema kama alivyoyasema.

Kisha sauti ya mama ikatoka ndani, imelowa machozi: "Basi ule mama amupokee. Mutoto aende."

Akaomba abaki na picha ile. Mimi simo ndani yake, na ndiyo iliyonipa mke.

Mwanangu, juzi nilikuona mbele ya posta ukijipiga picha na simu yako. Piga, sura unayo, umeitoa kwangu. Lakini siku utakapotaka watu wakuamini na mtoto wao, au na kazi yao, usiwajazie macho kwa kifua chako. Sogea. Waonyeshe unaishi na nani. Na ukiona huna wa kuwaonyesha, anza leo: salimia, uliza jina, kaa kidogo, sikiliza. Mji hauhamiwi kwa sababu ya posta.

Mungu akupe nyumba yenye wageni na majirani wasiobisha hodi kwa woga. Na mji wowote utakaoshukia, bila kujuana na mtu, akuwekee pale mmoja wa kukupokea mzigo.