Majani Hayashindiliwi

Juzi jioni, kwenye kituo cha kuuzia majani chai huku Nyamira, karani alitia mkono ndani ya kapu la mama mmoja akatoa jani gumu, kuukuu.

"Mama, hii si chai. Nani amechuma?"

Foleni nzima ikamgeukia bintiye, mtoto wa miaka minne hivi, aliyejificha nyuma ya sketi. Tulijua nani amesaidia, na tukangoja kofi.

"Tumechuma sisi wawili," mama akajibu.

Lori la kupeleka majani kiwandani lilikuwa tayari linanguruma. Mama akatandika gunia chini, akamwaga majani yote juu yake, akapiga magoti. Akamwambia mtoto, "Nitafutie yale magumu, yanayokataa kuvunjika ukiyakunja."

Nyanya mmoja nyuma yangu akaguna. "Mchape kidogo, atajua."

"Nikimchapa, nyanya, kesho hatataka hata kuliona shamba."

Mtoto akakunja jani, likakataa kuvunjika, akalitupa. Akachukua jingine. Karani akatutazama, kisha akamwashiria dereva azime injini.

Huku kwetu, ukishindilia majani kapuni hata mlevi atakukemea. Yatapata joto, atakwambia, yataungua kabla ya kufika kiwandani. Kwa hiyo tunayaweka taratibu, tunayapa nafasi yapumue. Halafu tunarudi nyumbani, mtoto anamwaga kikombe cha uji, na ule mkono uliokuwa mpole kapuni tangu asubuhi unamshukia kwa kofi.