Dada wa Mke

Jibu nilikuwa nalo siku ile ile baba aliponiuliza. Nilikaa nalo wiki saba.

Tunaishi Kiwalani, baba na mimi, na mpaka mwaka jana alikuwepo mdogo wake marehemu mama. Mamdogo alikuja kutoka Singida kumuuguza mama. Mama akafariki, naye akabaki, kwa sababu hakuna aliyemwambia aondoke. Mwaka na nusu baadaye baba akataka kumwoa. Kwetu bara jambo hilo halimshangazi mtu, na ndugu walikubali kwa simu. Wazee wa kanisa ndio waliokataa. Walisema Maandiko yanamkataza mtu kumwoa dada wa mkewe, wakamwita baba ajieleze kwenye kikao.

Baba ni karani wa ghala Mikocheni, si mtu wa kubishana na wazee. Alikuja kwangu kwa sababu alijua siku zangu zinaishia wapi. Tangu nimalize kidato cha sita na matokeo ya kutia aibu, nilikuwa najisomea sheria za kale za Waebrania kuhusu ndugu waliokatazwa kulala pamoja. Nadhani nilipenda kwamba ni orodha. Nilijifunza herufi za Kiebrania kwenye simu, nikachora jedwali la jamaa wote waliokatazwa kwenye karatasi ya manila, nikalichora upya mara nne kwa sababu mistari ilipinda. Nilijua kwamba mtu amekatazwa shangazi yake, lakini mjomba hakukatazwa mpwa wake. Nilijua kwamba binti wa kuzaa hakutajwa waziwazi, na wasomi wanabishana kwa nini. Nilijua kwamba orodha nzima inasema na mwanamume, na wanawake wamo humo kama mke wa fulani, dada wa fulani.

Na nilijua kwamba katazo la dada wa mke lina mpaka wake: linahusu wakati mke yu hai, wasije wakafanywa wake wenza. Baada ya hapo sheria inanyamaza.

Baba alinikuta napepeta mchele. "Mama," aliniita, kama anavyoniita siku zote, "wewe unayasoma haya. Wazee wako sahihi?"

Ningeweza kumjibu kabla sijaweka ungo chini. Nikamwomba wiki moja nihakikishe. Wiki ilipokwisha nikasema sijalinganisha tafsiri zote. Iliyofuata nikasema kuna neno moja linanisumbua. Baba aliitikia kila mara, akaniambia nisiharakishe. Alikuwa ananiheshimu, na heshima ile bado inaniuma.

Kweli nilikuwa naogopa kukosea, sababu nimekuwaga hivyo tangu darasa la kwanza. Lakini hofu ile niliitumia. Mamdogo alikuwa ameanza kuvaa khanga za mama, nami sikutaka kumwona anatoka chumbani kwa mama asubuhi. Nikaiita hali hiyo uangalifu wa msomi, na kwa muda nikaamini.

Siku moja aliingia chumbani kwangu na ufagio, akasimama mbele ya jedwali.

"Mie niko wapi hapa?"

Nikamwonyesha, chini kabisa, pembeni.

"Mbona umeniweka mlangoni kama mgeni wa msiba?"

Tukacheka wote wawili, akaendelea kufagia. Mimi niliyekuwa naandika kurasa nzima kwamba orodha ile haimwulizi mwanamke lolote, sikumwuliza anataka nini.

Baba alikwenda kikaoni bila jibu langu. Alirudi na uamuzi: mwanamke aondoke nyumbani, au yeye atengwe. Mamdogo alianza kukunja nguo zake kabla baba hajamaliza kueleza.

Nilimsindikiza mimi mpaka stendi ya Mbezi, apande basi la Singida. Baba alisema ana kazi, na ilikuwa Jumapili. Kituoni mamdogo alinikumbusha dawa za presha za baba, kisha akanishika mkono.

"Baba yako alinambia unatutafutia jibu. Usijilaumu kwa kulikosa, mwanangu. Vitabu vya zamani vile ni vigumu."

Nikamwambia asante. Nikampandishia begi lake.

Mwezi mmoja ukapita ndipo nikamwambia baba jibu, akiwa anapiga viatu kiwi barazani. Aliuliza nimejua tangu lini. Nikamwambia. Alifunika kopo la kiwi taratibu.

"Ungesema tu hutaki," alisema. "Ningekusikia."

Jioni ile alimpigia mamdogo simu. Nilimsikia akiuliza habari za mvua, za alizeti, za mguu wa bibi, kisha akaaga. Nilimfuata barazani nikamwuliza kwa nini hakumwambia arudi.

"Arudi nyumba ya nani?" alinijibu, wala hakuwa na hasira.