Kikohozi cha Kuitia Bata

Siku ya kumi na mbili baada ya kumzika baba, nilisimama uani jua likielekea kuchwa, nikashika nguzo ya kizimba, nikakohoa kama yeye. Sikuwa na mafua. Nilikuwa naita bata. Mtu anayeshinda nyumbani kama mimi hufanya makosa mengi, kwa kuwa hana pa kwenda kuyafanyia, lakini hilo ndilo ambalo mpaka leo sijalipatia mahali pa kuliweka.

Mama alikuwa ndani, kwenye eda. Nilisikia akiinuka mkekani, kopo likagonga ndoo, kisha maji yakamiminwa kwenye birika. Kwa miaka arobaini alikuwa akikisikia kikohozi kile uani kabla ya magharibi, naye hujaza birika la udhu akalisogeza mlangoni. Mikono yake ilifanya kazi yake kabla akili haijafika. Halafu maji yalikatika ghafla. Bata wakaingia kizimbani mmoja mmoja, kwa adabu zao, nami nimesimama nawahesabu kama mtu aliyefaulu.

Yafaa nieleze kile kikohozi. Kwetu huku Msambweni, mwanamume mwenye haya zake haingii uani kama upepo, hata kama nyumba ni yake. Pengine kuna jirani amekuja kusukwa nywele, mtandio ameuweka kando. Basi mwanamume akifika penye ua wa makuti hukohoa kidogo, akangoja, watu wakajistiri, ndipo akapita. Baba alikuwa bingwa wa jambo hilo. Vilikuwa vikohozi viwili vikavu, cha pili kirefu kuliko cha kwanza, vyenye heshima kama salamu ya kadhi. Tangu nikiwa mdogo niliweza kumwigiza mpaka dada zangu wakimbilie kanga zao, kisha wanikimbilie mimi.

Bata walikuja miaka mitatu iliyopita. Baba alikuwa mtunza bustani katika hoteli moja ya Diani, na hoteli ilipofungwa wafanyakazi waligawana vilivyobaki. Wenziwe walichukua magodoro na viti vya plastiki. Mmoja alichukua mlango. Baba alirudi nyumbani juu ya bodaboda, amepakata kapu, na ndani ya kapu mna bata wanne waliokuwa wakiishi kwenye kidimbwi cha bustani, dume na majike matatu.

“Wenzio wameleta magodoro,” mama alimwambia.

“Godoro halitagi.”

Hata hao bata hawakutaga mwaka mzima. Walikuwa wangali kazini, kwa mawazo yao. Pumba hawakuzitambua kuwa ni chakula. Asubuhi walijipanga kando ya mkeka wetu wakingojea mkate, na mkate wenyewe usiwe wa jana. Mtu akitoa simu walisimama wote, shingo upande, wakatulia mpaka picha imalizike, kisha wakamfuata kudai haki yao. Bwana mmoja aliyekuja kutazama kiwanja cha jirani alifukuzwa hadi barabarani kwa kosa la kuvaa kaptura na kofia pana; walimwona mtalii, naye hakuwa na kitu mkononi. Masika yalipoingia walikwepa madimbwi kama maharusi. Hotelini walikuwa wakikatwa manyoya ya bawa moja wasiruke, na hata yalipoota tena, kuruka hawakukukumbuka. Kizingiti chetu ambacho mtoto anayetambaa hukivuka, wao walikifanyia kikao kwanza.

Lakini kituko kilikuwa kwa dume. Dume lile, lenye sauti ya tairi linalovuja upepo, lilipenda birika la baba, lile la plastiki ya kijani. Sisemi lilizoea. Lilipenda. Lililizunguka likitikisa mkia, likiinamisha kichwa, likilinong'oneza. Baba akitaka kuchukua udhu ilimbidi aombe ruhusa.

“Bwana mkubwa,” husema, “niazime mkeo, nitamrudisha sasa hivi.”

Dume hulifuata birika mpaka kwenye jiwe la kutawadhia na kulisubiri hapo, likimtazama baba kwa jicho moja, jicho la wivu.

Kwa habari ya kuwalaza, baba hakuhangaika nao. Kabla ya magharibi alikuwa akitokea njiani, anafika penye ua, anakohoa. Popote walipokuwa, nyuma ya jiko au chini ya mgomba, waliacha walichokuwa wakikifanya wakaja mbio, na bata akikimbia ni tumbo linalokwenda huku na miguu kule. Wanaingia kizimbani, baba anafunga, anakwenda kuswali. Aliwaita “wageni wangu.” Sisi tulicheka kila jioni. Nilikuwa naketi barazani nashona kofia, kazi pekee niliyoipata baada ya kidato cha nne isiyonitaka nivae viatu, na nilikuwa naacha sindano ili nitazame.

Jirani yetu ni mama mmoja kutoka bara. Ana shamba upande wa pili wa ua wetu, analima sukuma wiki na kuuza sokoni. Mwaka jana jioni moja alisimama hapo uani na karai lake.

“Huyu mzee anakohoa sana,” akasema. “Mmempeleka hospitali?”

Nami, bingwa wa maneno, nikamjibu, “Mama, hiyo ndiyo hodi ya Pwani. Nyinyi wa bara mnaingia nyumba za watu kama ng'ombe, mtaijulia wapi?”

Mama alicheka. Baba mwenyewe alicheka, akacheka mpaka akakohoa, na hilo nalo likatuchekesha. Jirani hakucheka. Alijitwika karai lake akaenda zake.

Baba alipoanguka njiani siku moja akitoka msikitini, tulimpeleka hospitali. Daktari kijana akauliza, “Anakohoa tangu lini?”

Tulitazamana. Mama akasema, “Tangu nimjue.”

Daktari aliandika kitu, sikuona nini. Baadaye alitutoa ukumbini akatwambia kifua kimeharibika, na si jambo la jana. Baba alikaa pale siku sita. Siku ya mwisho aliyokuwa na sauti alinishika mkono. “Wageni wangu,” akasema, “usiwaache nje.” Nikatoka mbio kuwakaribisha ami zangu waliokuwa wamekaa kwenye benchi. Niliporudi nao alikuwa ananitazama kama nilivyozoea kutazamwa na yeye tangu shuleni.

“Bata,” akasema.

Ndiyo maneno yake ya mwisho kwangu. Wengine huachiwa wasia wa mashamba.

Mama akaingia eda, miezi minne na siku kumi, kitambaa cheupe na kuta nne. Kila jioni aliniuliza kwa dirishani, “Wameingia?” Hakuwa akiuliza habari nyingine ya nje, si ya mvua wala ya watu. Siku ya pili au ya tatu alinieleza sababu. “Nikitoka humu, yeye sitamkuta,” alisema. “Hao nataka niwakute wote wanne.”

Sasa hao wanne hawakutaka kuingia. Kila jioni walisimama penye ua, wameelekea njia ya msikitini, wakangoja. Nilijaribu mkate, wakala, wakarudi kungojea. Nilijaribu fagio, wakadhani ni mchezo. Niliwabeba mmoja mmoja, na nikienda kumchukua wa pili wa kwanza ametoka. Siku ya tisa nilichoka, nikajiambia bata ni bata, nikaenda kulala. Fungo, yule mwizi wa kuku wa usiku, alichukua jike mwenye doa jeupe kichwani. Asubuhi nilikuta manyoya yamefuatana mpaka kwenye migomba.

Nilimwambia mama nikiwa nimesimama nje ya dirisha, sikuwa na uso wa kuingia.

“Basi watatu,” akasema.

Ndipo siku ya kumi na mbili nikakohoa. Lakini kuna jambo nililoliruka pale mwanzo, na afadhali nilirudie. Sikufaulu mara ya kwanza. Nilianza na kile cha kuigiza, vikohozi viwili vikavu vya heshima, ambavyo dada zangu wangeapa ni vya baba. Bata hawakugeuka. Dume lilinitazama kama karani anavyomtazama mtu aliyesahau kitambulisho. Nikakirudia. Hakuna. Nikashika nguzo kwa hasira, au sijui kwa nini, na kikohozi cha tatu kikanitoka chenyewe, kama alivyokohoa baba siku za mwisho: kinatoka chini, kina maji ndani, kinakwenda na kwenda, na mwisho wake kuna mluzi. Hapo walikuja mbio.

Usiku ule sikuwaza kitu zaidi ya maji yaliyokatika kwenye birika. Kesho yake asubuhi, nikishona, ndipo akili yangu ilipowasili, imechelewa kama kawaida yake. Bata wale walikuwa kwetu miaka mitatu. Kile kikavu hawakukijua kwa sababu hawakupata kukisikia. Baba alikuwa ameshakiacha kabla hawajashuka kwenye bodaboda. Miaka mitatu alikuwa akija nyumbani na kifua kibovu, nasi tumekaa barazani tunangojea tamasha. Nilijichoma kidole, kofia ile ikaingia damu. Niliifua, alama haikutoka. Ninaivaa mwenyewe.

Jioni hiyo sikukohoa. Jua likazidi kushuka, bata wako penye ua.

“Wameingia?” mama akauliza.

“Bado.”

“Kohoa.”

“Mama...”

“Najua ni wewe. Yeye nimemwona akitolewa mlango huu amebebwa, sijapotewa na akili. Kohoa, baba. Fungo hakai eda.”

Nikakohoa kile kikavu, kwa haya.

“Hicho cha zamani sana,” alisema mama kutoka ndani. “Hicho alikuwa nacho alipokuja kuniposa. Kohoa cha juzi.”

Nikakohoa cha juzi. Wakaja. Nilifunga kizimba, nikasogea dirishani. Kulikuwa na pazia kati yetu, na nilishukuru.

“Mama, ulijua kama kimebadilika?”

“Nilijua. Nikadhani ni uzee. Wewe ulidhani nini?”

Ningeweza kusema uongo, nina kipaji nao. “Nilidhani ni kichekesho,” nikasema.

Baadaye kidogo nilisikia kopo likigonga ndoo tena, maji yakiingia kwenye birika, na mara hii hayakukatika. Mkono wake ukatokea mlangoni, ukaliweka nje. Asubuhi niliwafungulia, na dume likaenda moja kwa moja kuliketia kando. Halikuzunguka, halikutikisa mkia. Lilikaa tu, mdomo umegusa plastiki.

“Mwache,” mama alisema. “Na yeye yuko eda.”

Miezi minne nilikohoa kila jioni. Mama alinisahihisha mpaka nikaiva: leo umeharakisha, jana ulisahau mluzi. Watu waliokuwa wakipita njiani waliharakisha hatua, na mzee mmoja alinisomea dua juu ya ua bila kuniona. Fungo hakupata mwingine. Hilo ndilo jambo moja nililolitimiza maishani mwangu mpaka mwisho, na nalitaja kwa kuwa hakuna mwingine atakayelitaja.

Siku ya kutoka eda mama alioga, akavaa leso mpya, wanawake wakaja wakasoma, wakala. Jioni wengi walikuwa wameondoka. Jirani wa bara alikuja ametoka shambani, na sukuma wiki zimefungwa kwa ugwe. Akaketi na mama mkekani pale uani, wakashikana mikono. Mama alikuwa amekwisha kuwatazama bata wake. Aliwahesabu kwa kidole, mmoja, wawili, watatu, na kidole kikabaki hewani kidogo kabla hajakishusha.

“Haya,” akaniambia, “magharibi imefika.”

Nikaenda penye ua, nikakohoa. Kwa kuwa kulikuwa na mtazamaji nilikitia bidii, mluzi na kila kitu. Bata wakatoka nyuma ya jiko mbio, tumbo huku na miguu kule, dume likiacha birika lake kwa kulitazama mara mbili. Mama akatabasamu. Lilikuwa tabasamu la kwanza tangu msiba, na lilinipanda kichwani. Nilijua ninachokijua, nilikwisha kukijua kwa miezi minne, na bado ulimi wangu ukakimbilia utani wake wa zamani kabla sijaukamata.

“Umeona, mama?” nikamwambia jirani. “Hodi ya Pwani hata bata wanaijua.”

Jirani aliwatazama mpaka wa mwisho alipoingia na nikafunga mlango wa kizimba. Akajifunga leso kiunoni, akainuka.

“Afadhali hawa bata,” akasema. “Mzee akikohoa, wao walikuwa wanakuja.”