Sahani ya Bi Noriko

Ulikuwa ule mwaka muhogo ulipoanza kuja Maskati umegandishwa, mgumu kama jiwe, ndani ya mfuko wenye picha ya shamba. Kabla ya hapo sisi tuliotoka Unguja tulikuwa tukila mbatata na kujidanganya kuwa ni muhogo, na tui tulilipata kwenye nazi ya unga inayonuka karatasi mpaka ichemke. Basi siku Mama alipopika muhogo wa kwanza, harufu ilitoka jikoni ikashuka ngazi zote za jengo letu pale Khuwair ya Kusini, na Baba, aliyekuwa ndiyo kwanza anarudi kutoka kwenye maghala ya Rusayl, aliisikia akiwa bado chini kwenye magari. Akapanda mbio kama mtoto. Wengine wanahesabu miaka kwa vita na kwa watawala, mimi nahesabu kwa sufuria. Mwaka wa muhogo nilikuwa mtoto wa miaka kumi hivi, na ndio mwaka Bi Noriko alipohamia nyumba iliyoshikana na yetu.

Nijieleze kidogo, maana sipendi kusemwa nyuma. Mimi ni bibi. Wapo wanaoona haya kuitwa bibi na nywele zao bado nyeusi. Mimi nilianza kuitika kabla mjukuu hajajua kusema. Skuli sikukaa sana. Nilipoletwa Maskati Kiarabu changu kilikuwa cha chuoni, cha kusoma msahafu, si cha kusema na watu, wakaniweka na watoto wanaonifika kifuani. Nikavumilia mpaka darasa la sita, nikatoka, nikaolewa mapema, nikazaa mapema. Kwa hivyo asitafute mtu hapa maneno ya wasomi. Ninachokijua kuhusu Japani nilikijua mlangoni, nimebeba sahani.

Mume wa Bi Noriko alikuwa mhandisi, akienda jangwani wiki baada ya wiki, na yeye akibaki na feni na ukimya wake. Mwanamke mwembamba, viatu vyake vimepangwa nje ya mlango pua zikitazama ngazi, kana kwamba muda wowote atatakiwa kuondoka. Mama hakuweza kuvumilia. Siku ya pili tu baada ya Alasiri alinitwika sahani ya wali na samaki wa kupaka, juu kafunika kawa. "Nenda, Zuwena. Piga hodi mpaka afungue, na usiondoke mpaka umuone uso." Nikapiga. Akafungua, akainama, nikainama na mimi, nusura mchuzi unimwagikie.

Kwetu sahani ya jirani hairudi tupu, unatia hata ndizi mbili. Kumbe na kwao, ukipewa kitu lazima urudishe kitu, tena chenye thamani yake, na kimefungwa vizuri. Hapo ndipo kasheshe ilipoanza. Mama alipeleka wali, ikarudi keki imefungwa kwa karatasi ya maua. Mama akaona keki ile nzuri mno, akapeleka mkate wa kumimina na kuku mzima. Zikarudi taulo mpya. Mama akapeleka sambusa za kushiba watu wanane. Ikarudi birika. Baba akawa anacheka, "Safari ijayo mpelekee mbuzi, Mama Zuwena, tupate gari." Mimi nilikuwa nafurahi, lakini niliona jinsi Bi Noriko anavyozidi kukonda, anarudi madukani jua kali na mfuko mkononi, kwa sababu yetu.

Siku moja alikuja mwenyewe. Kiarabu chake kilikuwa kibovu, na cha Mama kibovu zaidi, kwa hivyo walielewana vizuri sana. Alisimama kizingitini, mikono miwili mbele, akasema anaomba tuache kumletea chakula. Anatusumbua. Anaona vibaya kutusumbua. Mama alimtazama kama mtu aliyeambiwa aache kupumua. Akajifunga kanga upya kiunoni, akamjibu taratibu: "Sikubali. Siwezi kushirikiana ukuta na mtu nisijue yu hai au kafa." Akaongeza kwamba sahani airudishe na chochote, hata chumvi. Alisema hivyo kama watu wanavyosema tu. Lakini Bi Noriko alikuwa mtu wa kushika neno. Kuanzia kesho yake sahani zetu zikawa zinarudi zimeoshwa, zinameta, na katikati kijifungu cha karatasi kilichokunjwa kama ua, ndani mna chumvi ya kushikwa kwa vidole vitatu. Mama alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akaitia kwenye mchuzi wa siku ile, na kila siku. Tulikula chumvi ya Bi Noriko msimu mzima wa joto, na yeye akaacha kukonda. Akajifunza kusema "hodi" na "karibu", akizisema kwa sauti ndogo, kama anaonja.

Alikuwa na baba yake mzee huko kwao, mjane, anaishi peke yake katika jengo la ghorofa kama letu. Kila Ijumaa akimpigia simu, na sisi tukisikia kupitia ukutani sauti yake ikipanda kidogo, sauti ya mtoto. Ijumaa moja hatukusikia kitu. Nilipopeleka sahani nilimkuta amekaa kando ya simu. Babake hajibu, akasema, pengine katoka. Mama alikuja mbio, mkono bado una unga.

"Mpigie jirani yake."

"Simjui."

"Ukuta mmoja, humjui? Jina lake nani?"

"Baba pia hajui jina."

Mama alinigeukia mimi, mtoto, kama nitamsaidia kuelewa. "Basi mpigie mtu yeyote wa jengo lile. Aende akapige hodi tu. Kupiga hodi kunamgharimu nini?"

Bi Noriko akatikisa kichwa. Haifai, akasema. Watu wamechoka, wametoka kazini. Haifai kuwasumbua. Alikuwa na kaka yake, mji mwingine, akampigia huyo. Kaka akasema yuko kazini, si jambo la kuombea ruhusa, ataenda siku ya mapumziko. Mama aliposikia hayo alirudi jikoni akawa anagonga sufuria, anasema peke yake: "Mzee wa watu! Mzee wa watu hajapigiwa hodi!" Zile siku za kungoja hakuna aliyekula kwa raha nyumbani kwetu. Mama alimuombea mzee asiyemjua hata sura, kila sala, kwa jina la "babake jirani". Sahani ziliendelea kwenda, zikarudi na chumvi, chakula kimeguswa pembeni tu.

Halafu sahani ikarudi haina chumvi. Nilikuwa nimeishika mimi, nimetazama ndani, hamna kitu, imekauka. Mama aliiona kutoka jikoni. Alichukua buibui akaenda, akakaa na Bi Noriko sakafuni mpaka Isha. Aliporudi alitueleza. Kaka alifungua mlango akamkuta mzee amekufa siku nyingi, mwili umeharibika, na redio inasema. Redio ilikuwa inasema tangu siku aliyoanguka, usiku kucha, mchana kutwa, na majirani waliisikia. Waliisikia wakachukizwa, lakini hawakugonga. Waliona ni utovu wa adabu kwenda kumwambia mzee apunguze redio yake.

Mimi sijapona na ile redio mpaka leo. Bi Noriko aliondoka na mumewe mwaka uliofuata, wa zile juisi za embe za kopo. Kadi zake zilikuja kwa miaka, kisha zikakoma. Huyo sasa ni mzee kama babake, na sijui nani anampigia hodi. Tangu hapo habari za Japani zikitokea kwenye televisheni mimi naacha nilichokishika. Watu wananiambia, Zuwena, wale wameendelea, treni yao haichelewi. Haichelewi, ndiyo, lakini inampeleka nani kwa nani? Nimeona huko vijana wakubwa waliojifungia chumbani miaka na miaka, na mama anaweka sinia ya chakula nje ya mlango, anaondoka, anarudi kuchukua sinia tupu. Mama amezaa mwana, amebaki kuujua mlango. Nimeona watu wanaofanya kazi ya kusafisha vyumba vya waliokufa peke yao, wana magari na sare, maana wateja hawakauki. Nimesikia vikongwe wanaiba dukani ili wafungwe, jela kuna mtu wa kuwaita asubuhi. Vijana hawaoi, wanasema mtoto ni mzigo. Na vizee wanapewa mwanasesere wa mashine, ukimpapasa anakoroma kama paka. Wasomi wanasema tatizo ni uchumi. Sijui uchumi. Ninavyoona mimi, wale watu hawana roho mbaya hata kidogo. Bi Noriko alikuwa bora kuliko ndugu zangu wengi. Wameuawa na adabu. Kila mtu anaogopa kumsumbua mwenzake, mpaka anakufa kwa heshima zote.

Na ningeishia hapo, nikawahurumia wale wa mbali, kama si haya yaliyotufika. Mimi sasa ninakaa Hail, hapa hapa Maskati, kwa binti yangu Rahma, nyumba kubwa yenye ukuta mrefu kuliko wa gereza. Mjukuu wangu Salma, ana miaka mitano na ulimi wa upanga, nilimpa sahani ya muhogo wa nazi nikafuatana naye kwa jirani, mzee mjane ambaye watoto wake wote wako nje. Mle getini kuna kidude cha kusemea. Salma akapiga hodi kwa kile kidude, kikajibu: "Shukran, wekeni hapo chini." Tukaweka. Kesho yake sahani ilikuwa pale pale, kunguru wamemaliza, na jua limekausha tui. Salma akaniuliza, "Bibi, yule mzee anaishi ndani ya kile kidude?" Jioni Rahma alikuja na simu mkononi, uso umemshuka. Mtaa mzima wanaandikiana humo, na mmoja ameandika kwa adabu sana kwamba vyakula visipelekwe majumbani.

"Mama, unanitia haya. Watu wa siku hizi hawataki kusumbuliwa."

Maneno yale yale. Nilimtazama kama ni Bi Noriko amesimama kizingitini. Sisi tuliozaliwa kwenye nyumba zisizofungwa milango, tumevuka bahari, tumejenga, tumepata, na tulichokinunua kwa utajiri wote huu ni upweke wa Kijapani, bila hata treni zake. Usiniambie yatarudi. Hayarudi. Muhogo wenyewe siku hizi unapatikana mbichi, na hakuna wa kumpelekea.

Leo tangu asubuhi nasikia redio kwa yule mzee. Kurani, sauti ya juu. Jana pia ilikuwa ikisoma, na juzi nadhani. Rahma anasema niache, kwani Kurani kusomwa nyumbani kuna ubaya gani, wengi wanaacha redio wazi. Kweli, wengi wanaacha. Hapo ndipo roho inaponizama. Nimebonyeza kile kidude mara ya kwanza, kimya. Nimerudi kuchukua sahani na nyundo ya kuvunjia nazi, maana lile geti ni la chuma na mkono wangu pekee haulitoshi. Rahma amenishika shungi. "Mama, nakuomba, mwache mtu wa watu."

Sikubali. Siwezi kushirikiana ukuta na mtu nisijue yu hai au kafa.