Uvimbe kwenye kaakaa ulivyonipa Kifaransa cha ukweni

Wakuu, habari za humu ndani. Hii sijaitia chumvi hata punje.

Nauza spea za magari Buyenzi, hapa Bujumbura. Nikaota kiuvimbe mdomoni, juu kwenye kaakaa. Hakiumi, nikakiacha.

Kikakua polepole. Maneno yakaanza kupitia puani, r zikawa zinakwaruza kooni. Wateja wakaniuliza nimerudi lini kutoka Ubelgiji.

Mama akachukia kabisa: "We mutoto, mi nilikuzalia hapa Buyenzi. Hiyo Kifaransa ya mu pua umetoa wapi?"

Kwa nini sikwenda hospitali? Wakuu, nilikuwa namchumbia Zubeda wa Mutanga Nord. Baba yake ni mwalimu mstaafu wa Kifaransa, mkali, ameshafukuza wachumba. Mimi nikifungua mdomo tu, mzee anaitikia kwa kichwa: "Très bien, très bien," yaani vizuri sana.

Wewe ungekitoa?

Siku moja tunakula kwao, mwiba wa samaki ukanichoma palepale kwenye uvimbe. Damu. Zubeda akawasha tochi ya simu, akachungulia, akapiga yowe: "Uko na kitu sawa yai mu kinywa!"

Kesho yake akanikokota hospitali.

Daktari akasema kila mtu ana vitezi vya mate vilivyotapakaa mdomo mzima, na uvimbe wangu umeanzia kwenye kimojawapo. Kwenye kaakaa si jambo la kila siku. Wakachukua kipande kupima.

Kusubiri majibu hapo, jamani! Nilisali hadi imamu akaniuliza kama nagombea nafasi yake.

Majibu yakaja: si kansa. Lakini utolewe wote, maana ukiachwa miaka unaweza kugeuka kansa.

Wakautoa. Nilipopona, sauti ya Buyenzi ikarudi nzima nzima. Nikaenda ukweni.

"Baba, mi naongeaka hivi. Ile ingine ilikuwa ugonjwa."

Mzee akainua mikono juu: "Alhamdulillahi! Miezi yote sikukuwa nasikia hata neno moja."

"Na ile très bien?"

"Mi mwalimu muzima, ningesema sisikii Kifaransa? Hata siku umeomba kuleta wazee, mi nilifikiri unaomba maji."

Kweli wakuu, siku ile nililetewa maji.

Basi nikaomba upya. Safari hii akasikia, na akakubali. Tumeoana.

Funzo: uvimbe usiouma nao uonyeshe kwa daktari, usiulee kwa sababu unakupa heshima mjini.

Karibuni kwenye maoni. Mwenye ugonjwa uliomsaidia kuoa aseme, nisicheke peke yangu.