Miguu Iliyosahau Udongo

Hapa Likoni wengi wananijua kwa miguu yangu. Miaka ya themanini nilikuwa fundi wa nyumba za udongo, na udongo wa kukandikia haukanyagwi kwa viatu. Nyayo ndizo zilizoniambia kokoto iko wapi na maji yametosha au bado. Nilijivuna, sikatai.

Kisha shingoni zikatoka tezi, mbili, tatu, zisizouma. Nikazidharau. Homa zikaja, jasho likalowesha godoro, suruali ikawa hainikai kiunoni. Hospitalini wakakata kipande cha tezi, jibu likarudi: saratani. Nililia mbele ya mke wangu Mwanasha, bila haya.

Nikaanza kudungwa sindano. Nywele zilipukutika, choo kilifunga siku tano, lakini tezi zikawa zinanywea. Halafu miguu ikafa ganzi. Nikanyamaza, mwanamume mzima nikalalamikie ganzi? Asubuhi moja Mwanasha alifuata alama za damu sakafuni hadi nilipoketi.

"Baba Saidi, msumari umekuingia, nawe hujui?"

Sikujua, wallahi. Nikaapa kuwa sindano basi, afadhali nife na miguu yangu. Mwanasha alinipeleka kwa daktari, mama mmoja mpole, nikamfokea.

"Fundi," akasema, "kila chembe ya mwili ina fito zake ndani, kama nyumba zako. Ikitaka kugawanyika, husimamisha fito za kuivuta huku na huku. Dawa huzizuia zisisimame, ndiyo maana uvimbe umeshindwa kuzaana."

"Na miguu yangu imekosa nini?"

"Chembe za fahamu za miguu ni ndefu, zatoka kiunoni hadi vidoleni. Chakula chao husafiri kwa kufuata fito hizo hizo, na dawa haichagui. Ungeniambia mapema ningepunguza kipimo. Zimebaki sindano mbili. Ukiacha, uvimbe utarudi. Ganzi kwa wengi huondoka, polepole."

Fito nazijua. Nikadungwa sindano zote mbili.

Mwaka mzima nilitembea kwa mkongojo. Tezi hazijarudi mpaka leo, alhamdulillahi. Wewe unayeumwa, mwambie daktari kila kitu, hata ganzi, wala usiache dawa njiani.

Siku niliyojaribu tena kukanyaga udongo, kokoto ilinichoma unyayo. Niliketi mumo humo matopeni nikalia. Mwanasha akaja mbio.

"Kuna nini tena?"

"Mguu unaniuma," nikamwambia.

Akaketi kando yangu, matopeni, na leso yake mpya.