Beringi Ambayo Enesi Alikataa Kuifunga

TUNDUMA, 2013. Jua la mchana linachoma, na foleni ya malori ya kwenda Zambia haijasogea tangu asubuhi. Kando ya tela lililoinuliwa kwa jeki, Enesi Kibona anaosha beringi ya gurudumu kwa dizeli. Anaifuta, anaizungusha karibu na sikio, kisha anapitisha ukucha polepole juu ya chuma chake.

"Hii nzima," anamwambia dereva, Salum. "Ingekuwa na kidonda ukucha ungekwama."

Mama huyu wa miaka arobaini na sita, mzaliwa wa Mbebe wilayani Ileje, alijifunza ufundi kwenye gereji aliyoajiriwa kufagia. Anachota grisi, anaishindilia kwa kiganja.

"Grisi inayofanya kazi siyo hii unayoiona," anasema. "Ni ile kidogo sana inayobaki imebanwa kati ya chuma na chuma. Jicho haliioni, lakini tani zote zile zimekaa juu yake. Ikikatika hiyo, chuma kinakula chuma."

Anajifuta macho kwa kiwiko, maana mikono imejaa grisi.

Mwaka 2006 mdogo wake, Lusubilo, alimletea tela lenye shehena ya shaba. Enesi akakuta kidonda kwenye beringi, kidogo kama ncha ya sindano. Beringi mpya ingefika kesho yake kutoka Mbeya.

"Dada, we jaza grisi tu, bosi ananipigia simu."

"Grisi haikai penye kidonda, mdogo wangu. Sifungi."

"Basi. Kwani Tunduma hii fundi ni wewe peke yako?"

Akaondoka bila kuaga. Fundi mwingine akamfungia. Kwenye mteremko wa Senjele beringi ilikwama, ikashika moto, gurudumu likachomoka na lori likaacha njia. Lusubilo alifariki palepale.

Msibani, kijijini Isansa, mjane wake, Ruti, alimkabili Enesi mbele ya watu. "Ulijua ni mbovu, ukamwacha aende!"

"Ningemnyang'anya funguo," Enesi anasema sasa. "Ningelala mbele ya tairi. Mimi nilinawa mikono nikaenda kula."

Kwa miaka saba hawakusemezana. Mwezi uliopita Ruti alikuja Tunduma peke yake, akamkuta kazini, akauliza jambo moja tu: mume wangu aliondoka kwako akisema nini?

"Nilitaka kumdanganya," Enesi anasema. "Nikashindwa. Nikamwambia tuliachana kwa hasira. Akaniangalia, akasema, 'Hata mimi, wifi. Asubuhi ile tuligombana.' Tulilia mpaka madereva wakatukimbia."

Kahawa ikiiva shambani, Enesi anatarajia kufunga kazi kwa muda aende Isansa kumsaidia Ruti kuvuna.

"Kaburi la mdogo wangu sijaliona tangu tulipomzika, nilikuwa naogopa kupita mlangoni kwa wifi. Sasa ameniambia nisihangaike kutafuta pa kulala. Nitalala kwake."